Mpira Haukukuzaa

Maneno niliyasikia kwa msusi, kichwa changu kikiwa kimesukwa nusu: eti mke wa fundi saa alifungwa mpira tumboni, akafa njaa na sahani imejaa mbele yake. Sikuuliza ni nani aliyemzika. Nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo, kwa sababu mwanangu wa kwanza alikuwa na mpira huohuo, mwezi wa pili sasa.

Ni kama pete. Daktari huufunga sehemu ya juu ya tumbo la chakula, mtu akashiba upesi. Mwanangu ni fundi cherehani. Unene ulikuwa umemletea sukari na magoti mabovu, hata kukanyaga cherehani saa moja ilikuwa shida. Baada ya mpira alikanyaga kutwa. Hilo nililiona kwa macho yangu, lakini nikaamini masikio.

Alikula kwa kijiko cha chai, akitafuna mpaka chakula kiwe uji. Mpiga pasi wa pale kazini kwake alimtania, "Fundi, unatafuna au unashona?"

"Nashona mshono mdogomdogo, dada. Mkubwa huachia."

Walicheka. Mimi sikucheka. Niliiona mifupa ya shingo yake, nikamwona mke wa fundi saa.

Siku moja mchana nikampelekea chakula kazini: nyama ya mchuzi na mkate laini. Akala vijiko vinne vya mchuzi, akafunika bakuli.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hicho ni chakula cha kuku."

"Mpira ndio unaosema."

"Mpira haukukuzaa. Nimekuzaa mimi. Kula."

Akanitazama. Mlangoni mteja alikuwa anaulizia gauni lake. Mwanangu akachukua nyama, kipande kizima, akameza ili nimwachie nafasi.

Kikakwama. Alishika kifua, mate yakamtiririka mpaka kwenye kitambaa cha watu. Mpiga pasi akapiga kelele, "Asile tena! Asinywe! Mwache ateme!"

Lakini mimi nimelea watoto watano, na kila aliyepaliwa nilimpa maji. Nikamshikia glasi mdomoni. "Sukumia, mwanangu, sukumia."

Maji hayakuwa na pa kupita. Yalirudi yote, na povu.

Jioni akasema, "Nipeleke hospitali." Nikamwambia ni kichefuchefu tu, madaktari wataishia kumgombeza. Ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa yale ya kwa msusi ni kweli. Siku tatu alitapika, na kila akitapika nilimpa kingine, tumbo lisikae tupu. Uji, akatapika. Soda, akajikunja kwa maumivu. Siku ya nne alishindwa kumeza hata mate yake, midomo imepauka kama majivu. Ndipo nikaita gari.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia taratibu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mpira ulikuwa umeteleza kwa sababu ya kutapika sana, ukalibana tumbo, na sehemu yake ikawa imeshakufa. Waliikata. Mpira wakautoa. Hatafungwa mwingine. Magoti yameanza tena kuuma, na cherehani yake anaikanyaga mpiga pasi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa msusi. Akaingia mwanamke mwembamba, mzima kabisa, akaniomba nisogee akae. Msusi akamsalimu, "Karibu, mke wa fundi saa." Nikaondoka na nywele nusu.

Mwanangu hula peke yake siku hizi, ameelekea ukutani. Nikimpelekea maji husema kwa heshima, "Weka hapo, mama. Nitakunywa ukishatoka."

Mama mwenzangu, kama mwanao amefungwa mpira, epuka haya:

Kumwongezea akisema ameshiba.

Nyama ngumu, na mkate laini unaogeuka donge.

Kumharakisha. Kipande kiwe kidogo, kitafunwe sana.

Kumpa kinywaji akiwa anakula. Angoje kwanza, nusu saa au zaidi, kama alivyoambiwa kliniki.

Soda na chochote chenye gesi.

Kusukumia kwa maji kilichokwama. Aache kula, aache kunywa, atulie.

Kungoja kesho wakati anatapika hata maji.

Kumficha daktari kinachoendelea.

Habari za tumbo kutoka kwa msusi.

Kumwambia mtoto, "Mpira haukukuzaa."