Mwiko Juu ya Injini

Selpha aliteremka kwenye bodaboda pale Kiplombe Jumamosi asubuhi akiwa na lita tano za maziwa na swali moja, na kati ya hivyo viwili kizito kilikuwa swali. Kesho yake mtoto wake wa kwanza angebatizwa katika kanisa la kule Kapseret alikoolewa. Alitaka kujua kama babake angekuja.

Ungedhani ni jambo dogo, binti kumuuliza babake kama atakuja kumwona mjukuu akitiwa maji kichwani. Lakini baina ya Selpha na Mzee Jacktone Omollo kulikuwa na miaka miwili ya kimya, na kimya hicho Selpha alijua kilikoanzia. Kilianzia siku ya harusi yake, kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota DX ya rangi ya chai ya maziwa, kuukuu kuliko Selpha. Mzee hakuwahi kulipeleka kwa fundi hata siku moja. Alikuwa amefunga na kufungua mitambo ya kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini, na hakuona sababu ya mtu mwingine kutia mkono ndani ya kitu chake. Wiki ile ya harusi aliliosha DX siku tatu mfululizo, akalipaka dawa ya kung'arisha viatu kwenye matairi, na asubuhi ya siku yenyewe akainama kulifunga utepe mwekundu mbele. Hapo ndipo Selpha, keshavaa gauni, aliposema mbele ya shangazi zake na kwaya nzima kwamba yeye haingii kwenye hicho kikweche, heri atembee kwa miguu. Likaletwa gari jeupe la watu. Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Aliendelea kufunga utepe, hakusema neno.

Tangu siku hiyo hakusema tena. Akipigiwa simu alisema, "Habari ya huko? Sawa, sawa," kisha akampa mama, hata kama hakuna aliyemwambia lolote la kuwa sawa. Selpha akija nyumbani na kusalimu kutoka mlangoni, mzee hakuinua kichwa. Na katika nyumba ile mzee akinyamaza haulizwi. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, kimya chake kilikuwa na maana zake, na watoto walikuwa wamekua wakikisoma kama wengine wanavyosoma mawingu. Basi wote walikisoma hiki kipya, wakakubaliana kwamba ni hasira, wakakaa mbali nacho.

Mamake naye alikataa kuwa mjumbe. "Muulize mwenyewe," alikuwa amesema kwenye simu kabla ya kwenda Langas kwenye chama cha akina mama. "Na usimame mbele yake." Selpha alielewa kwamba anaambiwa awe na adabu.

Alimkuta babake uani, boneti iko wazi, mgongo umeelekea lango. Akasalimu. Hakuitikiwa. Akasogea, akasalimu tena, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto wa nasari, na bado mzee hakugeuka.  Selpha akaamua kuyaweka maziwa jikoni na kurudi zake Kapseret, mtoto abatizwe bila babu, na iwe hivyo. Ila njia ya jikoni ilipita mbele ya gari, na alipopita, kivuli chake kiliangukia injini.

Mzee akainua uso. Kinywani alikuwa ameuma mpini wa mwiko, mwiko wa ugali, ule ule ambao mamake alikuwa akilalamika kila mara kwamba umepotea. Akautoa.

"Kumbe umekuja," alisema, na uso wake haukuwa na hasira yoyote ambayo Selpha angeweza kuionyesha kwa kidole. "Weka hiyo maziwa chini, mama. Ingia ndani uwashe. Mguu pole pole."

Mtu hawezi kuuliza swali la miaka miwili wakati ametumwa kuwasha gari. Selpha akaingia. Kabla hajaingia aliona kitu kilichomchoma. Nyaya za injini zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utepe mwekundu, ule wa harusi, umekuwa mweusi kwa oili. Akajiambia, ameuweka hapa ili kila akifungua boneti akumbuke. Na mimi nikumbuke.

DX likawaka, likiwa na mlio wa tak-tak-tak ndani yake, kama mtu anayebisha mlango bila kuchoka. Mzee akauma mpini wa mwiko, bapa lake akalitia juu ya injini, akafumba macho. Akalisogeza kidogo. Akalisogeza tena, jinsi daktari anavyotembeza kipimo chake kifuani mwa mgonjwa. Selpha alimtazama kupitia nafasi iliyo chini ya boneti, akawaza kwamba uzee umemwingia vibaya. Mwishowe mzee akainua vidole vitatu.

"Ya tatu ndiyo mgonjwa," alisema injini ilipozimwa. "Hizo zingine ziko sawa."

Selpha hakuamini. Pikapu la mumewe, Kiprono, lilikuwa limeunganishwa na kompyuta na fundi mwenye cheti ukutani, likarudi nyumbani na mlio ule ule lililoondoka nao. Sasa mtu anauma mwiko na kukuambia ni ya tatu. Lakini mzee alikuwa tayari anafungua kifuniko cha injini, akampa amshikie, na chini yake Selpha akaona kwa mara ya kwanza safu ya tapeti, vile vyuma vidogo vya kusukuma vali, zimejipanga mbili mbili, ziking'aa kwa oili, safi kuliko vyombo vya jikoni mwake. Alishangaa kwamba kitu cha umri ule kinaweza kuwa kisafi hivyo mahali ambapo hakuna mgeni anayeona.

Kutoka mfuko wa ovaroli mzee alitoa nyembe za kunyolea. Mbili pamoja kwa upande wa hewa, tatu kwa upande wa moshi. Huo ndio uliokuwa unene wa nafasi inayotakiwa, na kipimo kingine hakuwahi kununua. Akaanza na silinda ya kwanza: nyembe zikaingia kwa kubanwa kidogo, sawa. Ya pili, sawa. Ya nne, sawa. Alikuwa ameiacha ya tatu makusudi. Alipozitia pale, zilipita kama barua chini ya mlango, zikabaki zinacheza.

Selpha akasimama na kifuniko mikononi. Mtu huyu alikuwa ameliona jambo hilo kupitia chuma, kwa meno yake.

Labda ni kwa kustaajabu huko, labda ni oili, kifuniko kikamponyoka. Kilianguka juu ya saruji, kikaruka, kikagonga karatasi za mabati zilizoegemezwa ukutani, na mabati nayo yakaporomoka yote. Kuku wakatawanyika. Mbwa wa jirani akabweka hadi akakohoa. Lynette wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua, mkono kifuani, akauliza kama ni mtungi wa gesi.

Mzee Omollo, hatua moja kutoka pale, mgongo umegeuka, alikuwa anazungusha bisibisi robo mzunguko. Bega lake halikutikisika.

Selpha akautazama mgongo ule. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akikaa kibarazani zamani na kusema kwamba lori linalopita barabarani lina nati imelegea. Akasimama nyuma yake kabisa. "Baba," akasema. Akaita tena kwa nguvu. Kisha akasema jambo ambalo binti hamwambii babake kwa mzaha: "Baba, gari lako linawaka moto."

Mzee akapuliza vumbi kwenye nyembe, akaendelea.

Hapo Selpha akaanza kurudi nyuma kwa hesabu ya siku. Ile "sawa, sawa" ya kwenye simu. Salamu za mlangoni. Mamake, ambaye kila wakiwa safarini humgusa mzee pajani, mara moja, mara mbili, na wao watoto wakicheka kwamba mapenzi ya uzeeni hayana aibu. Na lile neno lake kwenye simu: usimame mbele yake. Akafika kwenye harusi: babake ameinama, anafunga utepe, uso umeelekea gari. Yale maneno shangazi waliyasikia, kwaya iliyasikia, Mungu aliyasikia. Babake hakuyasikia.

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliona aibu, aibu kubwa kuliko ya kwanza. Miaka miwili alikuwa amengoja asamehewe na mtu asiyejua amekosewa, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza mzee kama yuko salama.

Mzee alifunga kifuniko, akakaza nati, akamwashiria awashe. Injini ikashika. Ile tak-tak ilikuwa imekwisha. Mzee akauma mwiko, akafumba macho, na uso wake ukalegea taratibu, ukawa uso wa mtu anayesikiliza kwaya anayoipenda ikiingia kwenye ubeti wa mwisho. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamwita kwa mkono, akaupangusa mpini kwenye ovaroli yake, ambayo ilikuwa chafu kuliko mwiko wenyewe, akampa.

"Uma hapa. Ziba masikio."

Selpha akauma, akaziba masikio kwa vidole. Na injini ikaingia kichwani mwake. Haikuja kama kelele ya gari. Kelele ilibaki nje huko. Aliyasikia mapigo manne yakipokezana, moja likimwachia jingine nafasi bila kugongana, na chini yake maji yakipita kwenye mishipa yake, na mbali zaidi kitu laini kikizunguka, kikizunguka. Miaka yote hiyo alikuwa amepanda gari hili kwenda shule, kwenda hospitali, kwenda kuzika bibi, na hakujua kwamba ndani yake mna haya. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu vidole vilikuwa masikioni.

Selpha alipozima gari, mzee alikuwa anayatazama machozi yake, naye akajua kwamba siri ya masikio imejulikana.

Akaeleza kwa maneno machache, akiangalia matairi. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu utoto. Marehemu mamake, Amondi, ndiye aliyekuwa akimsafisha kwa pamba na maji ya vuguvugu. Yalianza kujifunga pole pole, na kufikia mwaka wa harusi ilibidi mtu apige kelele ubavuni mwake ndipo apate kitu. Alimkataza mkewe kusema, kwa sababu aliwajua watoto wake: wangemnyang'anya ufunguo wa gari. Barabarani mamake Selpha alikuwa masikio yake, mguso mmoja pajani, kuna gari nyuma, miwili, sogea kando.

"Lakini hii naisikia," alisema, akaligonga boneti kwa kiganja. "Kwa meno, naisikia yote."

Selpha akauchukua mwiko. Akautia mpini baina ya meno ya babake, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa, na bapa lake akalibana kwenye paji la uso wake mwenyewe, kwenye mfupa. Akavuta pumzi.

"Baba. Ni mimi, Selpha."

Macho ya mzee yalifunguka yote mawili. Mwiko ukatetemeka, na Selpha akauhisi utetemeko huo kwenye paji lake. Hakuweza kujibu, mtu hawezi kuuma na kusema, kwa hiyo aliinua mkono na kuuzungusha hewani: tena, tena.

Angeweza kumwambia habari za maziwa. Angeweza kuliacha lile la harusi lifie pale lilipofia, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa amelibeba mno. Akalisema lote, kikweche na kila kitu, kwenye mti wa mwiko, na akasema anaomba msamaha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mwiko kinywani.

"Niliona mdomo yako ikienda siku hiyo, kwa kioo cha gari," alisema. "Nikajua si maneno mazuri. Nikasema, ni bibi harusi, ana wasiwasi." Akagusa utepe ulioshika nyaya. "Na hii kitambaa yako ni mzuri sana. Miaka mbili haijakatika."

Selpha hakujua acheke au alie, akafanya vyote. Akakumbuka alichojia. Akamwonyesha kwa kidole gari, kisha upande wa Kapseret, akainua mikono kuuliza.

"Sasa wewe," mzee alisema, "unadhani nimeamkia hii gari niende nayo wapi?" Akavuta kadi ya mwaliko wa ubatizo kutoka mfuko wa ovaroli, ina alama ya kidole gumba cha oili. "Nimesoma hii kadi mpaka imechoka. Iko na jina ya kanisa, iko na saa. Jina ya mtoto haiko. Anaitwa nani?"

Akauma mwiko, akainama, akangoja.

Selpha aliliweka bapa kwenye paji lake. Jumatatu wangekwenda kwa daktari wa masikio, apende asipende. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Amondi," alisema. "Tumempa jina la mamako."

Mzee akafumba macho, vile vile alivyoyafumba kwa injini. Hakuutoa mwiko. Mkono wake ukapanda polepole hewani, ukazunguka, ukazunguka tena.

Selpha akalisema tena.