Lifti ya Kocha Lund

"—na kosa lenyewe tamu hilo, bosi! Dogo, safi, halina rushwa wala matusi! Nimekupatia!"

Kirsti Amdahl aliingia ofisini kwa Bwana Pratt na theluji bado imemjaa mabegani, hata mlango hakuufunga. Wallahi ungemwona ungedhani kashinda bahati nasibu. Kazi yenyewe ndiyo ya kwanza maishani mwake, ofisi ya kanuni za michezo, chuo kilekile alichosomea. Na wiki ile yote bosi wake alikuwa anazunguka kama mtu aliyepoteza funguo, kisa na maana, mwaka unaisha na chuo hakijajishtaki hata mara moja.

Ndiyo, kujishtaki! Vyuo vya kule ndiyo maisha yao. Kanuni za Chama cha michezo ya vyuo ni kitabu kinene kama tofali, na chuo kinatakiwa kijichunguze chenyewe, kijikamate chenyewe, halafu kipeleke faksi kwa Chama: tumekosa, tumejiona, tusameheni.

"Nyumba isiyo na vumbi hata chembe," Bwana Pratt alikuwa amemwambia, "mgeni lazima ajiulize wamefagia nini. Nitafutie makosa, Kirsti. Madogo madogo."

"Wale vijana wa mpira wa helmeti je? Nusu yao wana magari mapya, na baba zao hawana."

Bwana Pratt alitazama mlango kwanza. "Nimesema madogo."

Basi Kirsti kaenda kutafuta, na dogo likamjia lenyewe, tena mdomoni mwa shoga yake. Noreen Voss, mkimbiaji wa mbio za nyika, walilala chumba kimoja miaka miwili, na mpaka leo wanafua pamoja kila Jumapili. Wako wanakunja soksi, Noreen anacheka: eti alitoka zahanati na kikohozi chake, upepo unataka kung'oa masikio, mara Kocha Lund akasimamisha gari. "Panda, we mtoto, usije ukanifia barabarani nikose mkimbiaji!" Akampeleka mpaka bwenini. Basi. Hata kilomita mbili hazifiki.

Lakini kwa kanuni, kocha haruhusiwi kumpakia mwanafunzi wake garini. Mwanafunzi wa kawaida nani anampa lifti? Hiyo ni zawadi, na zawadi ni kosa. Kirsti masikio yakamsimama kama sungura.

Kocha Lund alipoitwa hakubisha hata neno. Mama mrefu, uso umechomwa na baridi, yule ukimwuliza kitu anakujibu kitu hichohicho.

"Nilimpa lifti. Theluji ilikuwa mpaka hapa. Andikeni."

"Hutachukia, Kocha?" Kirsti akauliza.

"Nitachukia nini? Si kweli?"

Kirsti akaipiga chapa barua mwenyewe, jina la kocha, jina la Noreen, tena akalikagua mara mbili lisikosewe, akaisukuma kwenye mashine ya faksi huku anaimba. Bosi akampigia makofi. Kirsti akala keki mbili.

Alhamisi asubuhi, Bwana Pratt anakoroga kahawa, anasema kama anauliza hali ya hewa: "Voss umeshamwambia kwamba Jumamosi hakimbii?"

"Voss nani?"

"Kuna Voss wangapi? Aliyepokea zawadi anakaa nje mpaka Chama kimrudishe. Hukusoma?"

Alikuwa amesoma! Ila alisoma ya kocha: kosa dogo, barua ya onyo, mambo yakaisha. Ya mwanafunzi yako sura nyingine, na huko hakufika.

"Tuirudishe barua, bosi. Tuseme nimekosea mimi."

"Faksi hairudi, binti. Na chuo kikijishtaki halafu kikakana, hilo si dogo tena."

Sasa hiyo Jumamosi siyo Jumamosi hivihivi. Noreen yuko mwaka wa mwisho. Mashindano ya kanda mara hii yanakimbiwa palepale chuoni, kwenye vilima nyuma ya mabweni. Na baba yake, mkulima wa viazisukari, hajawahi kumwona binti yake akikimbia hata siku moja, maana kila msimu wa mbio ni msimu wa kung'oa viazi, na mbio za mwisho huwa mbali. Mwaka huu viazi vimeshaingia ghalani na mbio ziko karibu. Mzee kasema anakuja.

Kirsti akamkuta Noreen kwenye ngazi za ukumbi, anafunga viatu.

"Una nini? Umekuwa mweupe kama sahani."

Akamwambia. Yote, kwa mkupuo mmoja, maana hajui kusema nusu.

Noreen akacheka kwanza. Halafu akaona mwenzake hacheki. "Kwa ile lifti? Mimi nilikuambia tunafua nguo, Kirsti. Sikukuambia ofisini."

"Najua."

"Ungeniuliza basi! 'Noreen, nikuuze?' Ningekujibu."

Kocha Lund alipanda ngazi za ofisi ya kanuni mbilimbili. Kirsti alimsikia toka chini. "Niadhibuni mimi! Gari langu, usukani wangu!"

"Wewe utapata barua ya onyo, Kocha," Bwana Pratt akajibu.

"Na mtoto?"

"Mtoto anasubiri."

Wakasubiri. Bwana Pratt, tumpe haki yake, alipiga simu Chama mpaka sikio likawa jekundu. Sauti ya mwanamke mmoja mpole ikamwambia kila mara kwamba wanashukuru sana chuo kwa uaminifu wake. Ijumaa mchana mashine ikalia, karatasi ikatoka polepole, Kirsti akaivuta kabla haijaisha. Barua imepokelewa. Kamati itakaa wiki ijayo. Hongereni kwa moyo wa kujirekebisha.

"Wiki ijayo," Noreen akasema. "Wiki ijayo mbio zishakimbiwa." Hakulia. Akaikunja karatasi vizuri kama shati, akamrudishia.

Jioni baba yake akafika, gari lina tope mpaka vioo, wakakaa mgahawani watatu. Mzee Orville Voss ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo lo! Alikuwa kama katolewa kifuniko. Akaagiza nyama na viazi kwa wote, akatoa mfukoni kengele ya ng'ombe, akaitikisa mpaka watu wa meza za jirani wakageuka.

"Niliivua shingoni mwa ng'ombe wangu, Bessie mwenyewe. Wanasema watu hupiga kengele mkipita, sivyo?"

"Ndiyo, baba," Noreen akasema, anatazama sahani.

"Haya, binti Amdahl, wewe uko na wakubwa wa michezo. Nambie, nisimame wapi kesho nimwone vizuri? Kwenye kilima au kwenye mwisho?"

Kirsti akafungua mdomo. Chini ya meza mkono wa Noreen ukamshika goti, ukambana kweli kweli. Mwache ale. Na Kirsti, ambaye hajawahi kukaa na habari tumboni mpaka ikapoa, akaimeza.

"Kula kwanza, mzee, chakula kinapoa," akasema. "Nitakupitia asubuhi mapema, kabla hujatoka. Mengine yote nitakusimulia kesho."