Cheti cha Pili cha Babu Seva

Ofisini walimwita Babu Seva, ingawa mjukuu hakuwa naye hata wa kusingiziwa. Miaka nenda miaka rudi alitunza seva za kampuni ya bima, kompyuta kuu zinazoendeshwa na programu ya Linux, katika kichumba chenye baridi ya kugonganisha meno, na alijivunia jambo moja tu: mashine zake hazizimwi. Kitu kikiharibika, anakirekebisha huku kinakwenda. Wanaozima na kuwasha aliwaita wavivu wa kufikiri.

Cheti cha kazi hiyo alikuwa nacho, kile cha mtihani wa kuchagua majibu. Akaja meneja mpya, mwenye cheti cha kundi jingine, la wanaotahiniwa kwa vitendo, na makundi hayo mawili hayaivi chungu kimoja. Akasema cha Babu Seva ni cha kukariri. Anayetaka kubaki na seva alete cha vitendo, kile ambacho mtu anakalishwa mbele ya mashine na kuambiwa fanya.

"Baba watoto, si ndiyo kazi yako ya kila siku?" mkewe alimuuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo. Naenda kuchukua changu tu."

Siku ya mtihani vidole vilikwenda vyenyewe. Akagawa diski, akawasha huduma zote, na kila alichojaribu kilifanya kazi. Akamaliza kabla ya wenzake, akatoka kifua mbele.

Alipata sifuri.

Kumbe kabla ya kusahihisha, mashine huzimwa na kuwashwa upya, na kinachohesabiwa ni kile kilichobaki. Maelekezo yalisema hivyo juu kabisa. Yeye aliyapitia juujuu. Hakuiagiza mashine ikumbuke chochote ikiamka. Kazini hilo halikumpitia akilini, maana zake hazilali.

Meneja hakufoka, na angefoka ingekuwa nafuu. Aliingia na mwanamke mpole, mwenye cheti kinachotakiwa.

"Mzee wangu, Jumatatu unahamia kwenye printa. Mfungulie mwenzako akaunti, kisha ufute yako."

"Nijifute mwenyewe?"

"Humu ndani nani mwingine anajua?"

Akaketi. Akamfungulia mgeni akaunti, akampa mamlaka yote. Kisha akaandika amri ya kujiondoa. Yule mwanamke akageukia ukutani kwa haya.

Mashine hizi hazina desturi ya kumuuliza mtu kama ana hakika. Akabonyeza.