Harufu ya Spiriti

Alfonsi aliacha kunywa gongo mwezi wa tatu mwaka 1977, siku ya pili baada ya kulewa na kumwangusha mwanawe Nikodemu, mtoto wa miezi minane, kwenye sakafu ya saruji. Mtoto alipona. Eufrazia, mkewe, hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukinywa tena, mie narudi Masasi na mwanangu."

Alfonsi alikuwa fundi wa ushirika wa maseremala pale Kinondoni, na hakuna aliyemfikia kwa umaliziaji wa kazi. Miezi minne hakuonja kitu. Akanenepa. Njia inayopita kwa muuza gongo aliiacha, akawa anazungukia makaburini.

Mwezi wa saba ushirika ukapata kazi ya makabati ya ofisi. Yalitakiwa yang'ae, na vanishi yenyewe ilichanganywa kwa spiriti. Dumu lilipofunguliwa, Alfonsi alikuwa anapiga randa upande wa pili wa karakana. Mate yakamjaa kinywani. Randa ikamwenda upande, akaharibu ubao.

Jioni alikwenda zahanati kwa Daktari Projestus, Mhaya aliyesomea ng'ambo.

"Miezi minne sijagusa, daktari. Leo nimenusa tu, mwili mzima umesisimka."

"Kaa. Ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Wapo wanaosema ndiyo inayoleta raha. Mie, kwa wagonjwa ninaowaona, nadhani kazi yake ni kukusukuma: inuka, kaitafute. Pombe imeshaizoesha. Sasa harufu peke yake inatosha kuiamsha."

"Hata kama pombe yenyewe imeshanichosha?"

"Hata hivyo. Omba wakuhamishe kazi. Usishindane nayo."

Kesho yake alimwomba Salumu, mwenyekiti wa ushirika, ampeleke kwenye misumeno nje. Salumu alicheka, wala si kwa ubaya. "Ndugu yangu, kazi ya wiki mbili tu. Nani mwingine ana mkono kama wako? Jikaze." Wenzake walikuwa wanasikiliza. Alfonsi aliona haya kuanza habari za ubongo.

Siku ya tano ya kazi hiyo, wenzake walipokwenda kula, alichota kikombe kwenye dumu. Baadaye alimweleza Eufrazia kwamba haikuwa na utamu hata chembe. Ilimchoma koo, machozi yakamtoka, na huku analia akachota cha pili.

Asubuhi aliamka akauliza mbona dirisha halijafunguliwa. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilishafika kitandani.

Hospitali alilazwa siku tisa. Spiriti ile ilikuwa na sumu, imeshakula mishipa ya macho. Salumu alikuja, akaangua kilio kando ya kitanda.

"Ungeniambia, ndugu yangu."

"Nilikuambia," Alfonsi akajibu.

Eufrazia hakurudi Masasi. Alipata kibarua cha kushona, akampeleka mumewe Bunju kwa Adelard, kaka yake yeye Eufrazia, aliyekuwa na shamba la mihogo mbali na kila kilabu cha pombe. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kuwaona, mtoto mgongoni.

Jumamosi ya sita alishuka kwenye basi akamkuta Alfonsi amekaa ukingoni mwa barabara, magoti yamechubuka, fimbo hana.

"Baba Niko! Unakwenda wapi?"

"Kuna lori limepita linanuka rangi. Nikainuka."

"Ulitaka kunywa?"

"Sijui kama nilitaka. Nilikuwa nakwenda tu. Na nikiwa nakwenda, Eufrazia, ndiyo saa pekee moyo unakuwa mwepesi."

"Na ukifika?"

"Nikifika hamna kitu."

Adelard akatokea mbio kwenye mihogo, anahema, mkononi kamba ya mbuzi. "Dada, mara ya tatu hii wiki hii. Nimekuficha. Atagongwa na gari. Siwezi kulima na kumlinda."

"Humfungi mume wangu kama mnyama."

"Nifunge," Alfonsi akasema. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akiielekeza kusiko na mtu.

Adelard aliiangalia ile mikono, akashindwa. Eufrazia akamkabidhi mtoto, akachukua kamba. Alimfunga mumewe kiunoni, polepole, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe. Wakaanza kurudi shambani, naye Alfonsi akimwomba, "Fundo lako usilikaze. Langu ndilo ulikaze."