Kidogo Tu

Mke wa fundi viatu hakuwa amepata kumpimia mtu chakula tangu azaliwe. Kwao sufuria ilikuwa ya wote, na mgeni akila akasaza, hiyo ndiyo heshima. Lakini mwaka ule daktari alikishika kidole gumba cha mguu wa mumewe, akakigeuza, akakitazama kidonda.

"Sukari ishuke, hiki kikauke," alisema. "La sivyo, sikukuu zikiisha tutakata. Na tukianza kukata, sijui tutaishia wapi."

Basi mama wa watu akaanza. Wali kikombe kimoja cha chai, mboga za majani nusu sahani, chai bila sukari. Soda hata harufu yake asisikie. Fundi alikula huku amenuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Lakini kidonda nacho kikaanza kusinyaa, kikaota ngozi changa pembeni. Alipoiona ngozi ile, mkewe alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha.

Sikukuu ikaingia, na mawifi wakaingia nayo, pamoja na shemeji na mama mkwe.

"Jamani! Kaka yetu umemfanya kuku wa kudonoa punje?" wifi mkubwa aliuliza mezani, mikono kiunoni.

"Ni sukari, wifi. Daktari kasema."

"Huyo daktari ndiye aliyemzaa?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mpaka jioni walikuwa wameshampa jina: Mama Mizani. Fundi naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichomchoma mkewe kuliko vyote. Hata hivyo hakulegea. Kesho yake mawifi wakanyamaza, wakaacha kumsema. Akadhani wameelewa, maskini, akamshukuru Mungu.

Kuna kitendawili alichopenda kuwatega watoto: askari wangu hawana tarumbeta wala hawaalikwi, lakini penye karamu hawakosi. Jibu ni sisimizi. Asubuhi moja akawaona hao askari wamepanga mstari ukutani, wanapanda hadi kwenye koti la mumewe lililotundikwa msumarini.

Akatia mkono mfukoni. Keki iliyofungwa kwenye karatasi. Biskuti zilizovunjika. Peremende zimegandana kama sabuni.

Akavimwaga vyote mezani walipokaa wageni, mbele ya chai yao. "Nani?"

"Keki ni mimi," alisema wifi mkubwa. "Kipande kidogo tu."

"Na mimi peremende," akasema wifi mdogo. "Kidogo tu, za kuondoa uchungu wa dawa."

Shemeji akakiri soda, nusu glasi. Mama mkwe akainamisha kichwa. "Asali, mwanangu. Kidogo tu. Si dawa hiyo?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba kilikuwa mguu wa mtu.

Akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba?"

"Hawa wananipenda," fundi alisema bila kumtazama. "Wewe unanipimia."

Mkewe akapiga magoti, akafungua bandeji. Ile ngozi changa haikuwepo tena. Kidole kilikuwa cheusi.

Walimkata chini ya goti.

Wifi mkubwa alifika hospitalini na boksi la keki, akaanza kulia tangu mlangoni, wodi nzima ikageuka. "Wifi! Ulikuwa unamlisha nini kaka yetu?"

Mke akangoja mumewe aseme neno. Moja tu lingetosha. Fundi akageukia ukuta.

Basi akalipokea boksi, akalifungua, akakata kipande kwa kijiko, akakinyoosha mpaka mdomoni mwa wifi yake.

"Kula."

"Mimi? Aa, nimeshiba, wifi."

"Kidogo tu."

Wifi akala. Mke akakata kingine.

"Kidogo tu."

Kufikia kipande cha tatu wifi alikuwa analia kimyakimya, keki imemkaa kooni, na kijiko kilikuwa kinarudi tena boksini.