Vidole Viwili Kushoto

Hakuna meza inayotisha kama meza iliyosafishwa na mtu mwingine. Fundi mmoja wa karakana ya mabasi, ambaye wenzake walimwita Spana mpaka mkewe naye akazoea, alirudi kutoka kazini Jumatano alasiri, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Meza yake ilikuwa inang'aa.

Asubuhi aliiacha imejaa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vyenye vinundu vinavyoshikana. Alikuwa amevipanga kwenye trei za mayai kwa maumbo yake: bapa na bapa, bawaba na bawaba, ekseli na ekseli, bila kujali rangi. Rangi jicho huiona lenyewe hata kwenye lundo, lakini umbo hujificha. Mgeni angeona takataka tupu, ila Spana aliweza kupeleka mkono bila kutazama akatoka na kipande anachokitaka. Sasa trei hazikuwapo. Yalikuwapo makopo kumi na moja yaliyojipanga foleni, vyekundu kopo lao, vya njano kopo lao, vyeupe lao.

"Shikamoo, mama," alisema, maana mama mkwe wake alikuwa ameketi pale pale dirishani, miwani puani.

"Marahaba, baba. Umeona nilivyokupangia? Siku tatu naitazama fujo hii roho inaniuma."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini kazini. Alikuja kwa binti yake kupumzisha goti, lakini mikono haikuambiwa kwamba nayo imekuja kupumzika. Na kwa fundi cherehani vifungo hupangwa kwa rangi, hakuna njia nyingine chini ya jua. Spana alitamani kupiga kelele hadi majirani watoke nje. Lakini mkwe hapigiwi kelele. Mkwe huambiwa asante.

"Asante, mama," akasema, na neno lenyewe lilikuwa chungu kama shubiri.

Kumbe makopo yalikuwa cha mtoto. Katikati ya meza lilisimama gari la njano la urefu wa mkono, lile alilokuwa akilijenga kwa muda wa miezi saba, na mkono wake wa winchi, nguzo ya kuvutia magari, ulikuwa umenyooka wima kama mlingoti wa bendera.

"Na lile gari la marehemu," mama mkwe aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyebakiza habari njema mwishoni, "lilikuwa limekaa upande. Nikalifumua pale juu, nikalirudishia sawasawa. Ijumaa watu watakuja kulitazama, ningeona haya gari la mume wangu limepinda."

Spana alikaa kwenye kiti.

Gari hilo lilikuwa mfano wa Mkongojo, gari kuukuu la kukokotea mabasi mabovu, ambalo watu wa nyumbani hawakuwahi kuliona. Baba mkwe wake aliliendesha hadi alipostaafu, na ndani ya gari hilo ndimo alimomfundisha Spana kazi, tangu Spana akiwa kijana wa kushika taa na kufunga minyororo, kabla hajamjua hata binti wa mzee. Mzee alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Wiki iliyopita Mkongojo wenyewe ulikatwakatwa kwa gesi ukauzwa chuma chakavu. Kilichobaki ni mfano huo wa vitofali, na Ijumaa asubuhi ungewekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni pa karakana, madereva wote wa zamani wakiwapo.

Na madereva hao, hata ungewaamsha usingizini, wangekuambia kwamba Mkongojo ulikuwa na kilema. Ukiutazama kwa mbali na kuupimia vidole mbele ya jicho, mkono wa winchi uliinamia kushoto kwa vidole viwili. Ndivyo ulivyojulikana barabarani kabla hata hujaiona rangi yake. "Mungu hakupi kilema asikupe na mwendo," walikuwa wakisema kila ulipopita, na kweli ulivuta kuliko magari mapya. Mkongojo ulionyooka ungekuwa gari la dukani tu, na Spana angesimama mbele ya wazee wale kama mtu aliyeleta picha ya marehemu asiyehusika.

Shida ni kwamba vitofali vinajua jambo moja tu, nalo ni kunyooka. Ukitaka vipinde vidole viwili, visizidi wala visipungue, na vibaki hapo, ni vita. Spana alipigana vita hivyo miezi minne kati ya ile saba. Alijaribu bawaba, mkono ukaanguka. Alijaribu bapa nene, ukagoma. Mwishowe alipata mchanganyiko fulani wa bapa nyembamba zisizokandamizwa hadi mwisho na bomba dogo lililoingia nusu, na mkono ukakaa kama ulivyokaa wenyewe. Hakuuandika popote. Picha alizipiga, lakini picha haionyeshi kilichomo ndani ya kiungo.

Jikoni alimkuta mkewe anakata vitunguu.

"Mama yako amelinyoosha gari."

"Si vizuri? Lilikuwa limepinda."

"Linatakiwa lipinde!"

"Gari gani linalotakiwa lipinde?" Mkewe alimgeukia, kisu mkononi, machozi ya vitunguu yakimtoka. "Mwanamke wa watu ana goti bovu, amekaa kutwa nzima anakusaidia midoli yako, wewe unavimba. Asante ya punda mateke."

Hapo ndipo Spana aliponasa. Angeweza kulieleza jambo hilo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo hakuruhusiwa kuisema. Alikuwa amemwahidi mzee miaka ishirini na moja iliyopita, nyuma ya karakana, mzee akiwa amefungwa bega kwa kitambaa. "Hili lifie hapa hapa," mzee alisema. "Nyumbani wasijue." Likafia hapo, na sasa maiti yake imefufuka katikati ya meza ya vitofali. Ukiahidi kutunza siri ya mtu, chunguza kwanza kama mkewe ana mikono isiyotulia.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alianza mara tu baada ya chai. Kwanza alitafuta bomba dogo la kijivu kama lile la mwanzo, akamwaga kopo zima la kijivu mezani, vipande mia tatu, akalikosa. Baadaye alikuta moja kwenye kopo jeupe, maana macho ya mama mkwe huiona kijivu hafifu kama nyeupe iliyochakaa. Akaunganisha bapa mbili, mkono ukaanguka. Akaunganisha tatu, ukasimama wima kwa kiburi. Akalegeza upande mmoja, ukainamia kulia, upande ambao gari lile halikuwahi kuinamia hata siku moja ya uhai wake. Kucha ya kidole gumba ilimpasuka. Alilitukana bomba, akaitukana bapa, kwa sauti ya chini, kwa sababu mkwe alikuwa dirishani anashona pindo la pazia ambalo hakuna aliyemwomba alishone.

"Bado linakusumbua, baba?"

"Kidogo tu, mama."

"Jana mbona lilikuwa sawa?"

Akachukua bapa nyingine.

Saa tisa alasiri lilikubali. Sijui ni bahati au vidole vilikumbuka vyenyewe, lakini mkono uliinama kushoto, kidole kimoja na nusu, ukatulia. Bado nusu kidole. Spana hakuthubutu hata kupumua karibu nalo. Koo lilikuwa limemkauka, tangu chai ya asubuhi hajatia kitu mdomoni, basi akaenda jikoni kunywa maji. Bilauri moja tu. Akarudi.

Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya meza. Kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kama anayemwondolea mtoto unyuzi shavuni, alikuwa anausukuma mkono wa winchi kuelekea kulia. Tk, kikasema kiungo. Ukanyooka.

"Lilikuwa limeanza tena kupinda," alisema.

"Mama, liache!" Spana alipaza sauti, na paa lilikuwa karibu kuitikia. "Liache lipinde! Lilipinda! Mumeo ndiye aliyelipinda!"

Mkewe alitokea mlangoni mbio. Spana alijisikia vibaya kuliko mtu aliyevunja bilauri ya harusi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Mama mkwe alivua miwani, akavuta kiti, akakaa.

"Alilipinda lini?" aliuliza.

Ikabidi aseme yote. Mwaka ule wa mvua nyingi basi lilitumbukia mtaroni kwenye mteremko wa machimbo, abiria wamo ndani, na udongo unazidi kuporomoka. Sheria ya kazi ilikuwa kungoja gari la pili. Mzee hakungoja. Aliwavuta. Mkongojo ulielemewa, mkono ukapinda, gari likaserereka na kugonga ukuta wa mtaro, naye akavunjika mtulinga wa kushoto, mfupa wa bega. Abiria wote walitoka wazima.

"Alikuwa ameniahidi hatakwenda tena kwenye mteremko ule," mama mkwe alisema. "Mwenzake alifia pale."

"Ndiyo maana akaniomba nisiseme."

"Mimi aliniambia ameteleza bafuni pale kazini."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakumsamehe wala hakumlaumu, alikuwa anatazama gari. Halafu alianza kutikisa kichwa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na hasira ambayo Spana hakuitarajia, hasira ya fundi.

"Miaka ishirini na moja," alisema. "Kila shati nililomshonea baada ya mwaka ule lilimkaa vibaya. Nalipima, nalikata, nalishona, akilivaa linapanda upande mmoja. Nikadhani mkono umenitoka. Nikafumua mashati mimi, nikalia juu ya cherehani, nikaanza kukataa suti za watu kwa kujiona nimezeeka. Mwisho nikaamua kila shati lake bega la kushoto nilishushe, na nikaona haya, nikidhani naficha kosa langu." Alipangusa jicho kwa ncha ya khanga. "Namuuliza, 'Limekukaa vizuri?' Ananijibu, 'Vizuri sana, mama watoto.' Mtu mzima! Ameniacha najilaumu mpaka amekwenda zake kaburini!"

Mkewe Spana alikaa sakafuni pale pale mlangoni.

"Ulikuwa unalishusha kiasi gani, mama?" Spana aliuliza, ingawa alishajua.

"Vidole viwili."

Kisha mama mkwe alivuta mkoba wake wa kushonea, akatoa kikopo kidogo cha pini, akakifunua. Ndani ya kitambaa kilichokunjwa kulikuwa na vipande saba vya plastiki, vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwa na pini iliyochomekwa kitambaani kando yake.

"Nguo ukiifumua, huchanganyi vipande," alisema. "Hivi ndivyo nilivyovitoa jana kwenye kile kiungo, nikaweka vingine vya kunyooka. Hiki cha kwanza, hiki cha mwisho. Hukuniuliza."

Spana alivitazama akatamani kucheka na kulia. Siku nzima kucha zinampasuka, na jibu lilikuwa mkobani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Kweli hakuuliza. Alikuwa na shughuli nyingi za kusema asante.

Alivirudisha kinyumenyume, cha mwisho kwanza, mama mkwe akimpa kimoja kimoja. Bapa zilikataa mara mbili, akasonya, mama mkwe naye akasonya. Mkono ulipoanza kuinama, mama mkwe alimzuia Spana asipime kwa rula. Alivua miwani, akafumba macho, akaweka kidole gumba juu ya kiungo, pale ambapo kwenye shati pangekuwa na mshono wa bega.

"Shusha," alisema.

Spana akashusha.

"Bado. Shusha kidogo." Kidole kilipapasa, kikarudi, kikatulia. "Basi. Hapo hapo. Mwongo mkubwa wewe, hapo hapo."