Ringi za Wodi ya Wazazi

Fundi bomba, maskini, alikuwa akitafuta pa kupitishia bomba lake tu. Akabandua plasta kwenye nguzo ya chini ya wodi ya wazazi, akaona kilichomo, akampigia mhandisi simu. "Dada, njoo uone. Hizi ringi zimeachana mno."

Mhandisi akaja na futi. Ringi ni zile pete za chuma zinazozikumbatia nondo ndani ya nguzo zisifumuke. Akapima, akarudia, akahamia nguzo ya pili, jibu likawa lile lile: sentimita thelathini. Kwenye ripoti yake alikuwa ameandika kumi na tano.

Kazi yake yenyewe ni hii: analichora jengo kwenye kompyuta, kisha analisukuma ubavuni, kidogo kidogo, mpaka ajue tetemeko likija litaanza kuvunjikia wapi. Wodi hii alishaisukuma, ikapinda, ikahimili, akatia saini. Sasa akaiweka kompyuta juu ya pipa la rangi, akaandika thelathini, akasukuma upya. Kabla haijasogea hata upana wa kiganja, ikaanza kuvunjika. Nguzo zote za chini ziligeuka nyekundu kwenye kioo, na ghorofa mbili za juu zikakosa pa kukaa. Na Jumatatu wazazi na vichanga vyao walikuwa wahamie humo.

Akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Ndiye aliyelijenga lile jengo miaka ishirini na sita nyuma, kabla halijafanywa wodi, na ndiye aliyemwambia, "Kumi na tano, mwanangu. Nimezifunga kwa mikono yangu hii." Mzee alikuwa barazani ananoa msumeno. Alipooneshwa picha kwenye simu, akauweka msumeno chini.

"Baba, nyingine zilikwenda wapi?"

Mzee aligeuka tu akaliangalia dirisha la chumba alichokulia binti yake. Nondo za dirisha lile zilikuwa nyembamba, vipande vifupi vifupi vilivyochomelewa pamoja. Miaka yote ya shule alikuwa akianika soksi zake pale. Aibu ikamshika binti, hata hakujua amtazame nani.

Asubuhi wakaenda wote wawili kwa muuguzi mkuu. Mzee alikuwa amevaa shati lake la kutokea, na hakusubiri kuulizwa. "Mama, kosa ni langu. Chuma nilikipeleka kwangu. Huyu mtoto msimlaumu."

Mhandisi akanyamaza. Tusifichane, kwa muda kidogo kimya kile kilimfaa.

Muuguzi mkuu akaifunua ripoti, akaweka kidole. "Hapa pameandikwa vipimo vimehakikiwa kwenye nguzo zenyewe. Alihakiki nani?"

Binti wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa mtu wa kazi yake hayo si matamanio ya mchezo. Mzee naye alikuwa akisubiri jibu. Kumbe hilo hata yeye hakulijua.

"Hakuna, mama," akasema. "Nilimuuliza baba, basi. Niliona haya kumkagua."

Muuguzi mkuu akachukua funguo za wodi mpya, akazifungia kwenye droo.

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Ungepima, mwanangu," akasema. "Ungepima tu."